Prostati si jina la ugonjwa: tuulize nini, tumuulize nani?



Juma hili tunagusa jambo linalosemwa kwa sauti ya chini katika nyumba nyingi za Bulengera. Mzee akianza kuamka mara nne usiku kwenda kukojoa, jirani anasema: "Huyo ana prostati." Kabla ya juma kuisha, mtaa mzima unamhesabu kati ya watu wenye kansa. Mmoja analeta chupa ya dawa ya majani, mwingine anatuma sauti ya WhatsApp kutoka Kampala, wa tatu anasema wauze kiwanja haraka kabla hajafa. Na mama wa nyumba, ambaye ndiye anafua mashuka na kupika uji, ndiye wa mwisho kujua ukweli.

Katika vikundi vyetu, na hata siku za kugawana akiba za AVEC, wamama wengi wametuuliza swali moja: tutajuaje nani anasema kweli? Tumeona tuandike juu ya hilo. Sisi si madaktari, na gazeti hili haliponyi mtu. Lakini kujua namna ya kuuliza ni kazi tunayoiweza.

Kila mwanaume ana prostati

Tuanze na neno lenyewe. Prostati ni kiungo cha mwili, kama vile ini au figo. Wenzetu wa Tanzania wanakiita tezi dume. Kiko chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya njia ya haja kubwa, nacho kinauzunguka mrija unaotoa mkojo. Kwa kijana kina ukubwa kama wa tunda dogo. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya maji yanayobeba mbegu za uzazi. Kwa hiyo kusema "baba ana prostati" ni sawa na kusema "baba ana moyo". Swali la kweli ni hili: prostati yake ina nini?

Inaweza kuwa na mambo matatu. La kwanza ni kuambukizwa vijidudu, kunakoleta homa na maumivu, na kunatibiwa kwa dawa za vijidudu. La pili ni kuvimba kwa uzee: wanaume wengi wakipita miaka 50 prostati yao inakua, inaubana mrija, mkojo unatoka kidogo kidogo, na mtu anaamka usiku mara nyingi. Hiyo si kansa, wala haigeuki kuwa kansa. La tatu ndilo kansa yenyewe.

Hapa ndipo habari nyingi za uongo zinapopata mlango. Dalili za mkojo tunazoziogopa mara nyingi zinatoka kwenye uvimbe wa uzee. Kansa ya prostati, inapoanza, mara nyingi haina dalili yoyote. Mtu anakula, anaenda shambani, anapanda pikipiki, kumbe iko ndani. Ikishafika mbali ndipo inaleta maumivu ya mifupa, hasa mgongo na nyonga, na kupungua mwili. Mtu anayeamka usiku asihukumiwe kwamba ana kansa, na asiyeamka asijione kwamba yeye ameshaokoka.

Maneno mawili yanayofanana kwenye karatasi

Madaktari wetu wanaandika kwa Kifaransa. Uvimbe wa uzee wanauandika "adénome", au kwa herufi tatu HBP. Kansa wanaiandika "adénocarcinome", au "cancer" moja kwa moja, au kwa kifupi "ca". Angalieni, wamama: maneno yale mawili marefu yanaanza kwa herufi zilezile. Mtu asiyezoea, akiyasoma haraka chini ya mwanga wa simu, anaweza kulichukua moja kuwa ni lingine. Katika nyumba moja watalia bure, na katika nyumba nyingine watakaa wametulia huku ugonjwa unatembea.

Ndiyo maana tunasema habari ya kwanza ya kuaminika ni karatasi ya mgonjwa mwenyewe. Kabla ya kutafuta dawa, kabla ya kuuliza redio, kabla ya kumpigia mjomba aliye Kampala, muulizeni daktari: "Ugonjwa huu unaitwaje? Tafadhali utuandikie jina lake kwa herufi zinazosomeka." Hilo si kumkosea heshima. Jina likijulikana, kila habari mtakayosikia baadaye mtaweza kuipima: je, inasema juu ya ugonjwa wetu, au juu ya ugonjwa mwingine wenye kiungo kilekile?

Namba ya PSA inasema nini, na haisemi nini

Karatasi nyingine inayoleta machozi ni ya labo, ile yenye herufi PSA. PSA ni protini inayotoka kwenye prostati na kuingia kwenye damu. Labo nyingi zinahesabu kwamba chini ya 4 ni kawaida. Basi mtu akiona 7, nyumba nzima inaomboleza.

Tulieni kwanza. PSA inapanda kwa kansa, ndiyo, lakini inapanda pia kwa uvimbe wa uzee, kwa maambukizo ya mkojo, kwa mpira wa mkojo uliowekwa karibuni, na hata kwa tendo la ndoa la siku moja au mbili kabla ya kupima. Kwa wanaume wenye PSA kati ya 4 na 10, kama mmoja kati ya wanne ndiye anakutwa na kansa. Ikipita 10, hatari inazidi nusu. Na kuna wachache wenye PSA ya chini ambao wana kansa. Tena kuna dawa za uvimbe wa uzee, kama finasteride, ambazo zikinywewa kwa miezi mingi zinashusha PSA hadi karibu nusu. Baba akiwa anazimeza, lazima daktari ajue, la sivyo namba itamdanganya.

Daktari anaweza pia kupima kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Wanaume wengi wanakimbia kwa ajili ya kipimo hicho. Kinachukua muda mfupi sana, na hakimwondolei mtu uume wake. Lakini PSA, kidole na ekografi vyote vinaleta mashaka tu. Kinachothibitisha kansa ni biopsi: kuchukua vipande vidogo vya prostati kwa sindano na kuvisoma kwa mikroskopi. Majibu ya biopsi yanakuja na namba nyingine inayoitwa Gleason, ambayo leo inaandikwa kuanzia 6 hadi 10. Sita ni kansa ya mwendo wa pole, kumi ni ya mwendo mkali.

Basi mtu akiwaambia "ni kansa" na hamjaona karatasi ya biopsi, ulizeni: "Mmejuaje?" Wakati mwingine daktari ana sababu nzuri, kwa mfano PSA ya juu sana pamoja na mifupa iliyoshambuliwa. Lakini sababu hiyo aieleze. Huku kwetu maabara za kusoma vipande hivyo ni chache, na majibu yanaweza kukawia. Ulizeni yanakwenda wapi, yatarudi lini, na nani atawaita.

Gome la milima yetu

Sasa tuje kwenye dawa inayotajwa kuliko zote hapa Butembo na Beni. Katika misitu ya milima yetu, pande za Lubero na Beni, kuna mti ambao wataalamu wanauita Prunus africana, na wachuuzi wengi wanauita pygeum. Kwa miaka mingi watu wetu wamekuwa wakibandua gome lake, wanalikausha, na linapakiwa kwenda Ulaya. Huko linatengenezwa vidonge vya prostati. Habari hiyo ni kweli. Mti huo umetafutwa sana hata mwaka 1995 mataifa yakauweka chini ya ulinzi wa mkataba wa CITES, ili biashara yake isimalize misitu.

Kutoka kwenye ukweli huo watu wanaruka: "Wazungu wanatibu prostati kwa gome letu, kwa nini sisi tulipe hospitali? Chemsha, kunywa, kansa itaisha." Hapa tusimame. Vidonge vile ni vya uvimbe wa uzee, si vya kansa. Watafiti walipokusanya majaribio 18 yaliyohusu wanaume 1,562, walikuta kwamba gome hilo linasaidia kiasi: mtu anaamka mara chache usiku, na mkojo unatoka vizuri zaidi. Wote walikuwa wagonjwa wa uvimbe. Hakuna katika hayo kinachosema linaponya kansa.

Tumelitaja gome kwa sababu linatuonyesha namna habari mbaya inavyokuja. Mara nyingi haiji kama uongo mtupu. Inakuja kama nusu ya ukweli: mti ni wa kweli, Ulaya ni kweli, prostati ni kweli. Ugonjwa tu ndio umebadilishwa. Na baba mwenye kansa anaweza kupata nafuu ya mkojo kwa kunywa gome, akafurahi, akaacha kurudi hospitali, na kansa ikaendelea kwenda kwenye mifupa. Akitaka kunywa, amwambie daktari wake. Asiache matibabu kwa ajili yake.

Tulichokiona wakati wa Ebola

Sisi wa Butembo na Beni hatuhitaji kufundishwa kwamba habari inaua au inaokoa. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 hadi tarehe 25 Juni 2020 tuliishi na Ebola. Watu 2,287 walikufa katika mlipuko huo, na Katwa yetu ilikuwa moja ya mahali palipoumia sana. Mnamo Septemba 2018 watafiti waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Mmoja kati ya wanne alisema Ebola haipo. Wengi hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechoka kudanganywa, wamechoka na vita, na hawakujua wamwamini nani. Februari 2019 kituo cha matibabu cha Katwa kikashambuliwa, kisha kile cha Butembo.

Kansa haiambukizi kama Ebola. Mke haipati kwa mume wake, mtoto haipati kwa kikombe cha baba. Wala haitoki kwa uchawi wa jirani, wala kwa dhambi za ujana. Lakini somo la habari ni lilelile. Wakati ule tulijifunza kupima neno kabla ya kulipitisha. Tuyatumie tena maswali haya manne:

Nani anasema? Ana kazi gani, anapatikana wapi, atajibu tukirudi na swali?

Anasema juu ya ugonjwa gani? Uvimbe au kansa? Kansa ya mwanzo au iliyofika kwenye mifupa?

Anapata nini? Anayeuza chupa ndiye anayeisifu. Tangazo la redio linalipiwa, hata likisomwa na sauti tunayoipenda.

Anaahidi nini? Anayesema dawa moja inaponya sukari, presha, kansa na utasa pamoja, tumwogope. Mwaka 2011 maelfu ya watu wa Tanzania na nchi jirani walipanga magari kwenda kijiji cha Samunge, huko Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji Ambilikile Mwasapile kilichosemekana kuponya magonjwa sugu. Kiliuzwa kwa shilingi 500 tu, kwa hiyo bei ndogo nayo si ushahidi. Kuna wagonjwa waliokufa njiani wakiwa kwenye foleni, na wengine waliacha dawa zao.

Kila mgonjwa na njia yake

Ushuhuda wa mgonjwa mwenzako una thamani kubwa. Anajua daktari gani anasikiliza, anajua uchungu wa sindano, anajua namna ya kulala na mpira wa mkojo. Muulizeni hayo. Lakini msichukue mwisho wake kuwa ndio mwisho wenu.

Wazee wetu wanakumbuka kwamba rais Mobutu alipasuliwa Lausanne, Uswisi, mwezi wa Agosti 1996 kwa kansa ya prostati, na tarehe 7 Septemba 1997 akafa Rabat, Moroko, akiwa na miaka 66. Kwa hiyo wengi huku wanasema: "Mobutu na fedha zake zote hakupona, sisi ni nani?" Lakini Nelson Mandela alikutwa na ugonjwa huohuo mwaka 2001, ukiwa bado mdogo, akapigwa miale, akaishi mpaka tarehe 5 Desemba 2013, akiwa na miaka 95. Askofu mkuu Desmond Tutu aliambiwa ana kansa hiyo mwaka 1997, akafa mwaka 2021 akiwa na miaka 90. Jina ni moja, lakini ugonjwa uliwakuta mahali tofauti. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni hili: kansa ya baba iko ndani ya prostati tu, au imetoka?

Jibu la swali hilo ndilo linaongoza matibabu. Kansa ndogo ya mwendo wa pole, daktari anaweza kuamua kuifuatilia tu kwa vipimo, na huko si kumtupa mgonjwa. Iliyo ndani ya prostati inaweza kuondolewa kwa upasuaji au kupigwa miale. Iliyotoka inapunguzwa nguvu kwa kuzuia homoni ya kiume, ambayo ndiyo chakula chake. Hilo lilionyeshwa na daktari Charles Huggins huko Chicago mwaka 1941, na bado linafanya kazi: ama kwa sindano za kila mwezi au kila miezi mitatu, ama kwa kuondoa makende kwa upasuaji mdogo. Njia hiyo inatuliza ugonjwa, mara nyingi kwa miaka, lakini haiung'oi.

Nani wa kumuuliza hapa kwetu

Mlango wa kwanza ni kituo cha afya cha kartie. Mwuguzi mkuu wa kituo hatatibu kansa, lakini anajua kuandika karatasi ya kuwatuma hospitali, na karatasi hiyo inawafungulia mlango. Reko wa mtaa wenu naye anaweza kuwaelekeza.

Kisha ni hospitali: Katwa, Kitatumba, Matanda, au kliniki za Chuo Kikuu cha Graben. Kabla ya kutoka nyumbani ulizeni kama kuna daktari wa upasuaji anayejua magonjwa ya njia ya mkojo, na siku gani anapokea. Mkipewa neno zito, kama kukatwa au kuondolewa makende, mna haki ya kuomba daktari wa pili asome karatasi zilezile. Daktari mzuri hakasiriki kwa hilo.

Kwa wenye simu na mtoto anayesoma Kifaransa vizuri, tafuteni maandishi ya Shirika la Afya Duniani, ambalo wengi wetu tunaliita OMS, au ya Institut national du cancer ya Ufaransa. Hawauzi dawa. Lakini mkumbuke yameandikwa kwa watu wenye mashine nyingi. Yasomeni ili mjue maswali ya kuuliza, msiyasome kama orodha ya vitu vinavyowangoja Butembo.

Na kuna Kampala. Wagonjwa wengi wetu wanapita Kasindi kwenda kwenye taasisi ya kansa ya Uganda pale Mulago, iliyoanza mwaka 1967. Huko kuna miale na wataalamu. Lakini sikieni hili: mwaka 2016 mashine pekee ya miale ya nchi nzima iliharibika kabisa, na mpya ilianza kufanya kazi mwaka 2018. Mtu aliyeuza shamba mwaka 2017 akafunga safari bila kuuliza, alikuta mlango umefungwa. Kwa hiyo kabla ya kuuza chochote, pigeni simu au mtumeni ndugu aliye huko aulize pale pale dirishani: mashine inafanya kazi? Mgonjwa mgeni anangoja muda gani? Analipa nini na nini? Anatakiwa kuleta karatasi gani? Na daktari wa hapa aulizwe: safari hii itabadilisha nini kwa mgonjwa huyu?

Maswali ya kubeba siku ya daktari

Yaandikeni kwenye daftari la mtoto, maana mbele ya daktari kichwa kinapotea:

1. Ugonjwa unaitwaje, na umethibitishwa kwa kipimo gani?
2. PSA ni ngapi, na ilikuwa ngapi mara iliyopita?
3. Kama kuna biopsi, Gleason ni ngapi?
4. Uko ndani tu, au umefika kwenye mifupa au mahali pengine?
5. Kuna njia gani za matibabu, na ipi inapatikana hapa?
6. Tukingoja miezi mitatu kutafuta fedha, kuna hatari gani?
7. Matibabu haya yatafanya nini kwa mkojo, kwa nguvu za mwili na kwa maisha ya ndoa?
8. Gharama yote ni kiasi gani, si ya leo tu?
9. Turudi lini, na dalili gani itufanye tukimbie kabla ya siku hiyo?

Kwa swali la mwisho tunaweza kuwasaidia tangu leo. Mkojo ukikataa kabisa kutoka, au ukitoka na damu, nendeni siku hiyohiyo. Na mwenye kansa ya prostati akiumwa mgongo kisha miguu ikaanza kulegea au kufa ganzi, msingoje asubuhi: mishipa ya uti wa mgongo inabanwa, na kila saa ina thamani.

Karatasi zote zikae pamoja katika mfuko wa plastiki, pale penye kadi ya uchaguzi na vyeti vya watoto. Zipigeni picha kwa simu, na picha mmtumie mtoto au ndugu aliye mji mwingine. Sisi tunajua kukimbia usiku ni nini. Familia nyingi zilizotoka pande za Beni zilifika hapa bila hata karatasi moja, na mgonjwa akaanza upya na vipimo vyote.

Neno kati ya mume na mke

Swali la saba ndilo gumu. Upasuaji unaweza kuleta mkojo usiozuilika na kupunguza nguvu za kiume. Kuzuia homoni kunaondoa hamu, kunaleta joto la ghafla kama letu la kukoma hedhi, na mifupa inalegea. Baba asipoelezwa mapema, ataona amelogwa au ametupwa. Na mama asipoelezwa, atafikiri ana mwanamke mwingine. Nyumba zimevunjika kwa kukosa maelezo ya dakika kumi.

Ugonjwa ni wa baba, na mwili ni wake. Hatusemi mama amnyang'anye neno. Kuna waume wasiotaka mke aingie kwa daktari, na kuna wanaoona aibu kusema mbele ya watoto. Mama anaweza kusema taratibu: "Baba Fulani, sitaki kujua ili nikusimange. Nataka kujua ili nikutunze vizuri." Akikataa, aombe aende na kaka yake au rafiki yake wa umri mmoja. Muhimu asiingie peke yake, maana masikio ya mgonjwa yanasikia nusu. Na mgonjwa mwenyewe asifichwe ugonjwa wake kwa kisingizio cha kumhurumia. Anayefichwa ndiye anayekwenda kutafuta habari kwa wauza chupa.

Mwisho, habari nyingine iko kwetu wamama. Mwanaume ambaye baba yake au kaka yake aliugua kansa ya prostati ana hatari karibu mara mbili ya wengine. Ukoo wenye kansa ya titi au ya mfuko wa mayai nao unaweza kubeba hatari hiyo, maana mara nyingine zinatoka kwenye urithi mmoja wa damu. Na wanaume weusi kwa jumla wanaipata zaidi na mapema zaidi. Wengi wanashauriwa kuzungumza na daktari kuhusu kupimwa wakiwa na miaka 50. Wenye ndugu waliougua, tangu 45 au hata 40. Nani anakumbuka babu alikufa kwa nini, shangazi alikatwa titi mwaka gani? Ni sisi. Tuyaandike na tuyapeleke kwa daktari.

Kazi ya vikundi juma hili

Tunaomba kila kikundi kitenge nusu saa kwenye mkutano. Someni maswali yale tisa kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kinande, hata bibi asiyejua kusoma ayashike. Chagueni mama mmoja anayesoma Kifaransa vizuri, awe tayari kusindikiza familia na kusoma karatasi pamoja nao, na aape kutunza siri. Na kama kikundi kina sanduku la msaada, zungumzeni kama linaweza kusaidia kulipia kipimo, kabla halijaitwa kusaidia matanga.

Na yeyote atakayesikia juma hili "fulani ana prostati", asilipitishe neno hilo. Amwendee mke wake kwa upole, amuulize kama karatasi imesomwa vizuri.